Umwangalie Mkeo

Bibi Mshauri wetu, shikamoo. Mimi ni msomaji wa gazeti hili, huwasomea na wenzangu wasiojua kusoma, na leo nimeshika kalamu mwenyewe kwa sababu neno hili siwezi kumpa mtu aniandikie. Nakuomba kwa magoti uninusuru, maana moyo wangu umegeuka na sijui uligeuka siku gani.

Mimi ni mkulima wa hapa Nyaishozi, nina kibanja cha migomba na kahawa kidogo niliyoachiwa na baba, tulibatizwa siku moja mimi na mke wangu Yunia, na Wakristo wenzangu waliniona mtu wa amani hata wakaniweka kuwa mzee wa kanisa ingawa ndevu zangu ni za kuhesabika, na tulikaa vizuri, nilikuwa nalima nikiimba na Yunia ananijibu kutoka upande wa pili wa kibanja, mtoto hatujapata, mimba ya kwanza ilitoka na ya pili ikatoka akipanda kilima kutoka mtoni, tukalia tukanyamaza, ndugu zangu wakaniambia nioe mwingine nikakataa, nikasema Mungu anajua, na Mungu ni shahidi kwamba siku zile sikuwa na neno lolote moyoni juu yake.

Sasa sikiliza shida ilipoanzia. Mwalimu wetu wa misheni ni mtu wa pwani, mtu mwema, lugha yetu ya Kinyambo bado inampiga chenga, kwa hiyo na sisi wazee huzungumza Kiswahili. Jumapili moja baada ya ibada akanivuta kando, mkewe amesimama nyuma yake anatazama chini, akaniambia, "Yeremia, umwangalie sana mkeo siku hizi. Na mtoni usimwache kwenda peke yake." Nikamwuliza, "Mwalimu, kuna nini?" Akacheka kidogo kama mtu aliyeona haya, akasema, "Mimi si wa kusema zaidi. Mambo ya nyumba yana wenyewe." Bibi, ungekuwa wewe ungefahamu nini? Mimi nilihisi baridi mpaka kwenye kucha. Nilijua ameona jambo na heshima inamzuia kulitaja, na mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilikuwa nimeambiwa.

Basi nikaanza kumwangalia. Hapa kwetu kuna duka la Othman, Mwislamu ambaye baba yake alitoka pwani na mizigo ya biashara akabaki, anauza chumvi, shanga na kaniki, na mkewe anaitwa Adija, na mdogo wake Othman ni kijana mmoja mrefu jina lake Ramadhani, kanzu yake nyeupe siku zote hata barabara ikiwa matope. Nikaona kwamba Yunia anakwenda kwa Adija kila jua likianza kushuka. Nikamwuliza, "Unafuata nini kule?" Akasema, "Nafundishwa sindano." Nikamwuliza, "Na sindano ndiyo inayokuchekesha?" kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma ya ua wa Othman na nilimsikia akicheka, yeye ambaye nyumbani siku hizi amekuwa kimya, akanitazama tu na machozi yakamjaa, akaingia ndani. Mtu asiye na kosa analia nini?

Nikazidi kumwangalia. Niliacha kupalilia, nikawa nakaa kwenye migomba mahali ambapo mimi naona njia na njia hainioni. Siku moja Ramadhani amerudi kutoka Bukoba alikokwenda kuchukua mali ya duka, nikamwona kwa macho haya anampa Yunia kitu kidogo kimefungwa katika kipande cha kaniki, na Yunia akakificha kifuani haraka, akaja nacho mpaka nyuma ya nyumba yetu, akakaa chini, akavunja kipande akatia kinywani na kufumba macho kama mtu anayeonja asali, na alipoingia ndani midomo yake ilikuwa na vumbi jeupe. Nikasema moyoni, dawa. Amepewa dawa ya kunichukia. Na kweli ananichukia, kwa maana nikikaa karibu naye nimetoka kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, anaziba pua na kutoka nje, na zamani hakuwa hivyo, na maharage niliyopika mwenyewe siku moja kumpima aliyatapika kibanjani akidhani simwoni.

Lililo baya zaidi ni la mtoni. Nilimfuata, nami nilikuwa na muhoro wangu wa kukatia majani ya migomba, sikuuchukua kwa nia mbaya, au labda niliuchukua kwa nia mbaya, sijui tena. Nilikuwa nimejificha kwenye mafunjo. Yunia amejaza mtungi, anajaribu kuuinua, anauacha, mara Ramadhani anatokea njiani, wanasema maneno nisiyoyasikia, na yule kijana anainama, anaubeba mtungi yeye begani juu ya kanzu yake nyeupe, anapanda kilima na mke wangu nyuma yake. Mwanamume anambebea maji mke wa mtu! Hapa kwetu mwanamume hambebei maji hata mama yake mzazi. Nilitoka mafunjoni nikawakata njia. Yunia aliponiona na muhoro mkononi akarudi nyuma hatua akashika tumbo. Ramadhani akatua mtungi, akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo, kaka." Bibi, mkono wangu umeshika muhoro, na kinywa changu kikasema "Marahaba." Nikajipitia zangu kama mtu anayekwenda kukata majani. Nilikata mgomba mzima uliokuwa na mkungu mchanga, nikaukatakata.

Tangu hapo sina amani. Nikifumba macho kusali simwoni Bwana, namwona Ramadhani na mtungi. Kanisani naimba lakini macho yangu yako upande wa wanawake, naangalia Yunia anamwangalia nani. Nikifika katika Sala ya Bwana mahali pa kusamehe, nanyamaza, wengine wanaendelea bila mimi. Na neno moja la aibu nitakwambia kwa sababu hunijui uso: kumvizia kule kumeanza kuwa tamu. Nikiamka nalingoja jua lishuke. Na siku nikimfuata nisione kitu narudi nimeudhika, kana kwamba nimenyimwa haki yangu.

Kaka yangu mkubwa Kagaruki nimemweleza, amesema kikulacho ki nguoni mwako, mrudishe kwao Bugomora, na wazee wa ukoo watakaa Jumapili ya pili kuanzia sasa ili wamtoe. Mimi sijui kama nitafika hiyo Jumapili. Nikimwona tena na yule kijana sitangoja wazee. Je, Mkristo akiiona dhambi kwa macho yake na bado akaendelea kula chakula cha mkono ule, hiyo si kushirikiana nayo? Niambie upesi. Jina langu usilichape.

Mimi ndugu yako katika Bwana, wa Nyaishozi, Karagwe.

*

JIBU

Ndugu wa Nyaishozi, pokea pole zangu kwanza, maana mtu hawezi kuandika barua kama hii bila kuungua. Ukishazipokea, kaa vizuri, kwa sababu yanayofuata si pole.

Jibu hili nalituma kwako kwa mikono ya mtu wa miguu kabla halijachapwa, kwani barua yenye muhoro ndani yake haingoji zamu ya gazeti. Jina lako uliomba nilifiche. Majina ya jirani zako na ya mkeo ukayaanika yote kama mahindi juani. Wasomaji wajue kwamba nimeyabadilisha mimi, na la kwako humo ndani pia, maana hata wao wana haya.

Sasa tuje kwa Mwalimu wako. Mimi na yeye ni watu wa pwani, Kiswahili tumekinyonya, na pengine ndiyo sababu tunakisema ovyo bila kukumbuka kwamba mwenzetu amejifunza ukubwani. Ukimwambia mtu "angalia, nyoka!" unamtaka ajihadhari. Ukimwambia "angalia mwezi ule," unamtaka atazame. Lakini mama akitoka kwenda shamba akamwambia jirani, "Niangalizie mtoto," je, jirani achukue muhoro ajifiche kwenye migomba amvizie mtoto? Atamlisha, atamfuta kamasi, atamkinga na jua. Neno ni hilo hilo moja. Mwalimu alikwambia umwangalie mkeo, nawe katika maana zote za neno hilo ukachagua ile ya nyoka.

Unauliza, ningekuwa mimi ningefahamu nini? Ningemwuliza tena. Ningemshika kanzu nisimwachie. Wewe ni mzee wa kanisa, unajua kuuliza, lakini uliona haya kuonekana hujaelewa Kiswahili, ukaenda kukitafsiri peke yako mafunjoni.

Mimi sijafika kwako wala siapi. Lakini isome barua yako mwenyewe, uisome kama ya mtu mwingine. Mwanamke amepoteza mimba mara mbili, ya pili akipanda kilima kutoka mtoni. Hiyo umeiandika wewe. Sasa haivumilii harufu ya pombe. Anatapika maharage. Analia ukimsema kwa ukali. Hawezi kuinua mtungi aliokuwa akiuinua zamani. Akitishwa anashika tumbo, hashiki shingo wala uso, tumbo! Anakula kitu cheupe chenye vumbi kwa siri na kufumba macho kwa utamu. Wanaume wangu mna nini? Ni udongo! Unauzwa sokoni Bukoba mchana kweupe, na kila mwanamke anayeununua hutazamwa na wenzake wakatabasamu. Hawezi kuchimba kwenye kichuguu chenu kwa sababu mtaa wote utajua, na aliyezika matumaini mara mbili hataki mtaa ujue mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Hakukwambia hata wewe. Aliogopa kukupa furaha halafu akunyang'anye tena. Mke wa Mwalimu aliyasoma haya usoni kwake, akamnong'oneza mumewe, na mumewe akakwambia kwa fumbo kama ilivyo heshima. Adija ameyajua, akanyamaza kama mtu mwenye adabu, akamtuma shemeji yake amletee jirani udongo kutoka mjini. Na yule kijana aliyeubeba mtungi juu ya kanzu safi, akaikubali aibu ya kuonekana na kazi ya wanawake, alifanya jambo ambalo Mwalimu alikuagiza wewe. Mtungi ule ulikuwa wa bega lako.

Nawe ukatoka mafunjoni na muhoro.

Ndugu yangu, ningeweza kuishia hapa, ukaniambia asante, ukaenda kumwomba mkeo radhi, ukadhani ugonjwa umekwisha kwa sababu tafsiri imerekebishwa. Haujaisha. Lile neno la mwisho ulilosema kwa aibu, kwamba kuvizia kumekuwa tamu na usipoona kitu unarudi umeudhika, ndilo lililonifanya niiweke barua chini. Mtu anayempenda mkewe asipoona kosa anashukuru Mungu. Wewe ulikuwa unaomba kosa lipatikane. Unaniuliza moyo uligeuka siku gani. Haukugeuka siku moja. Uligeuka kila jua liliposhuka ukaenda kuketi pale, ukaulisha kwa macho, na moyo hauna kingine unachokula ila kile ambacho macho yanauletea tena na tena. Ninyi huko mnazijua ndizi za pombe. Mnazifukia shimoni mkawasha moto pembeni, na ndizi haiulizi moshi huu unatoka kwenye kuni gani. Inatoka imeiva na ladha yake imo mpaka ndani. Moyo wako ulikaa katika moshi mmoja siku nyingi, halafu unashangaa kwamba ukifumba macho kusali unaona mtungi.

Wakristo wengi wanaonisoma hapa wanafanya kama wewe bila muhoro. Mmoja anaangalia kosa la mchungaji, mwingine anaangalia ng'ombe wa jirani, mwingine anaangalia dhambi zake mwenyewe usiku na mchana kama mtu anayekuna kidonda, akidhani huo ndio utakatifu. Wote wanasema, mimi nimesimama zamu, nalinda. Unalinda nini? Anayekaa akitazama uovu ili aukamate, mwisho anaujua uovu kuliko anavyomjua Bwana wake, na uso wake unaanza kufanana nao. Uliuliza kama kula chakula cha mkono ule ni kushirikiana na dhambi. Jibu langu: dhambi iliyokuwa nyumbani mwako ilikuwa inakaa mafunjoni, na wewe ndiye uliyeipelekea chakula.

Wala usiniambie, "Bibi, je, kama umekosea na kijana yule ana nia mbaya?" Naweza kukosea. Kama kuna kosa la kweli, litapelekwa kwa Mwalimu na wenzake, mchana, kila mtu akisikia anachoshtakiwa na kupewa nafasi ya kujibu. Mtu aliyelishwa wivu kama wewe hafai kuwa shahidi wala hakimu, achilia mbali kushika chuma.

Haya, sikia la kufanya, na ulifanye leo hii unapoisoma. Chukua muhoro ule umpelekee Mwalimu, akae nao mpaka mtoto azaliwe. Majani ya migomba utamwomba mtu akukatie, na akikuuliza kwa nini, mwambie umekatazwa na daktari; daktari huyo ni mimi. Ukiwa kwa Mwalimu, mwulize swali moja, "Siku ile ulikuwa na maana gani?" Usimpe majibu kwanza, mwache aseme. Ukitoka hapo nenda kwa Kagaruki, umwambie kikao cha Jumapili hakipo. Atakucheka, atasema mwanamke amekuroga. Mkubalie acheke. Mkeo hapelekwi Bugomora, milima ile yote kwa miguu, na hali aliyo nayo. Ukimruhusu kaka yako hilo, usinitumie barua nyingine, mimi sitakuwa na maneno ya kukupa, na Mungu atakuuliza kwa jina la huyo aliye tumboni.

Kwa Othman uende mlangoni, siyo nyuma ya ua. Piga hodi. Mwamkie Adija vizuri, umshukuru kwa wema wake kwa mkeo bila kumpekua anajua nini. Ramadhani mpe mkono. Najua wanasali kwa namna yao na ninyi kwa yenu, na najua kuna Wakristo huko wanaodhani kila kanzu ina hila ndani yake. Katika jambo hili waliokuwa wakimtunza mke wa mzee wa kanisa ni hao.

Kisha macho yako uyatafutie kazi, kwa sababu ukiyaambia tu "msitazame" yatarudi kule kule kama mbuzi kwenye mahindi. Asubuhi ukiamka, kabla hujasema neno, mtazame Yunia usoni uone alivyolala, ana nini, anahitaji nini, halafu ukifanye hicho. Maji ni yako kuanzia sasa. Watu watasimama njiani wakuonyeshe vidole, na baadhi watakuwa wa kanisani kwako. Ukiwa na mtungi begani sema na Bwana, hapo hapo njiani, maneno machache tu, umtazame yeye aliyekubeba wewe miaka yote bila kukuvizia. Ukifika kwenye kusamehe katika sala, usinyamaze, hata kama sauti inatetemeka. Na kibanjani uimbe. Asipokujibu, imba. Ametishwa, hatajibu upesi, na huna haki ya kumharakisha.

Siri yake usiitoboe. Mngoje akwambie mwenyewe kwa siku aitakayo, na akikwambia usije ukasema, "Nilijua," kwa kuwa hukujua. Wewe mwombe radhi kwa ya mtoni, waziwazi, bila kumtaja Mwalimu na Kiswahili chake. Huenda akakuuliza siku zote zile ulikuwa wapi, alipokuwa akikutafuta kibanjani ukawa huonekani. Mwambie kweli: nilikuwa hapa hapa, nakutazama kila siku, sikukuona.